Kilomita 86,000

Gari la baba lina namba C. Kwa Mtanzania anayejua kusoma namba za magari, herufi hiyo pekee ni tarehe: unajua liliingia lini, unajua lina umri gani barabarani, na ukiwa mmbea unaweza hata kukisia mwenye gari alilipata wakati gani wa maisha yake. La baba lilisajiliwa mwaka 2013, mwaka aliostaafu ualimu. Kadi inasema limetengenezwa mwaka 2004. Ni Subaru Legacy Outback 3.0R, stesheni wagoni ya buluu iliyokolea, injini ya silinda sita, viti vya ngozi vinavyosogezwa kwa umeme, na magurudumu yote manne yanasukuma, mfumo ambao mtaani tunauita fowili. Siku lilipopanda mlima kutoka Mombo hadi kwetu Lushoto, dashibodi ilionyesha kilomita 86,000 na ushei. Baba aliitaja namba hiyo kwa kila mgeni aliyekuja kulitazama.

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Namba kwake si pambo.

Mama hakulitazama. Kiinua mgongo kilipoingia walikuwa wamekubaliana kumalizia nyumba: vyumba viwili vilikuwa bado havijapigwa plasta, na choo cha ndani kilikuwa ni bomba mbili zinazochungulia kutoka sakafuni. Baba akaenda Dar es Salaam "kuangalia bei za vigae". Akarudi na Subaru aliyoinunua kwenye yadi. Vyumba vile viwili havijapigwa plasta hadi leo, na nikiwa likizo nalala katika kimojawapo.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia. Kwa miaka miwili sasa walimu wangu wamekuwa wakinifundisha kuuliza kila karatasi maswali yaleyale: nani ameiandika, kwa faida ya nani, na kitu gani hakimo. Nimeyauliza maswali hayo kwa barua za maofisa wa Kijerumani waliokaa hapahapa Lushoto walipopaita Wilhelmsthal. Sikuwahi kuyauliza kwa dashibodi ya baba. Ile 86,000 niliipokea kama nilivyopokea tarehe yangu ya kuzaliwa, kwamba wakubwa walikuwepo na wanajua.

Likizo iliyopita nilikuwa naliosha gari. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva palikuwa na stika ya gereji moja ya Tanga, imechakaa, inakumbusha kubadilisha oili. Niliibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na stika nyingine, ndogo, ya Kijapani. Nilielewa tarakimu tu: 24, 11, na 138,640.

Nikaipiga picha nikamtumia mwenzangu wa darasa aliyewahi kusoma Kijapani. Jibu lilikuja jioni. Ni stika ya kubadilisha oili. Duka liko Morioka, mkoa wa Iwate. Ile 24 ni mwaka wa 24 wa enzi ya Heisei, yaani 2012. Ile 11 ni mwezi wa Novemba. Ile ya mwisho ni kilomita.

Gari lililokuwa limetembea kilomita 138,640 mwishoni mwa mwaka 2012 lilifika kwetu mwaka uliofuata likiwa limetembea 86,000.

Nilikaa nayo siku tatu bila kusema. Huwezi kumwambia mzee wa miaka sabini, juu ya kochi lake, kwamba namba aliyoitaja kwa miaka kumi ni ya uongo, hasa ukijua ni nani mwingine yumo chumbani. Nikafanya nifanyalo ninapokwepa jambo: nikaanza kusoma. Nilitaka kujua gari la namna hii lilitokea wapi, na kwa nini mtu wa Morioka alikuwa nalo.

Morioka iko Tohoku, kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Japani, nchi ya milima na theluji. Na ni Tohoku hiyohiyo aina hii ya gari ilikozaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umeme la eneo hilo, Tohoku Electric Power, lilikuwa na mafundi wanaopanda milimani wakati wa baridi kukagua nyaya. Walitumia jipu. Jipu lilifika, lakini mtu ndani yake aliganda. Shirika likauliza kama linaweza kupata gari linalopanda kama jipu lakini lifunge milango na kupasha joto kama gari la kawaida. Wauzaji wa Subaru wa Miyagi, mkoa jirani, wakachukua gari dogo la mizigo la Subaru 1300G, lililokuwa likivutwa na magurudumu ya mbele, wakalifunga propela na difu ya nyuma iliyotoka kwenye Nissan Bluebird. Likapanda. Kampuni mama, Fuji Heavy Industries, ikalichukua wazo, na mwaka 1972 ikaanza kuuza Leone Estate Van ya fowili.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana mimi nilisimama. Anasa haimo kabisa katika habari hiyo. Kuna watu wa kazi, miguu yenye baridi, na difu ya kuazima.

Anasa ilikuja kwa mlango mwingine. Waingereza walikuwa wamejaribu mapema, mwaka 1966, kwa gari la kitajiri lililoitwa Jensen FF, yakatoka kama mia tatu tu. Mwaka 1980 Audi ya Ujerumani ikaonyesha Quattro huko Geneva, na ghafla fowili ikawa kitu cha kujivunia kwenye lami kavu. Wengi walidhani ni mbwembwe mpaka mashindano yalipowanyamazisha. Kwetu Afrika Mashariki jibu lilichelewa. Safari Rally iliendelea kushindwa na magari ya kusukumwa nyuma hadi mwaka 1987, Hannu Mikkola aliposhinda na Audi 200 quattro, gari kubwa la kifahari lililotiwa matope. Lilikuwa gari la kwanza la fowili kushinda Safari.

Halafu Subaru ikaleta Legacy, mwaka 1989. Japani ilikuwa na fedha nyingi wakati huo kuliko ilivyojua la kuzifanyia, na Legacy ya stesheni wagoni yenye turbo ikawa gari la vijana wa mjini wanaokwenda kuteleza kwenye theluji siku za mapumziko. Kabla ya hapo stesheni wagoni nchini humo ilikuwa gari la muuza duka. Mwaka uliofuata, 1990, Mkenya Patrick Njiru aliifikisha Legacy ya Kundi N mwisho wa Safari Rally. Kundi N ni magari yaliyo karibu kabisa na yale ya dukani, na hakuna gari la kundi hilo lililokuwa limewahi kumaliza mashindano hayo. Katikati ya miaka ya 1990 wakaiinua Legacy kutoka ardhini, wakaiita Outback, wakaiuza Marekani kwa tangazo la mwigizaji wa Australia, Paul Hogan. Mwaka 2000 wakaitia injini ya silinda sita. Ukiwa na fedha zaidi uliweza kuagiza hata redio ya McIntosh. Njia kutoka kwa mafundi wa umeme hadi kwenye viti vya ngozi ilichukua chini ya miaka thelathini.

Hata jina lenyewe nilikuwa silijui. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota, zile sita zilizochorwa kwenye nembo. Fuji Heavy iliundwa mwaka 1953 kwa kuunganisha kampuni tano, ndiyo maana nyota moja ni kubwa na tano ni ndogo. Sisi nyota hizo tuna jina letu, na ni jina la jembe: Kilimia. Wazee wa pwani walizitazama ili kujua wakati wa kulima. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilipomwambia bibi yangu kwamba gari la baba linaitwa Kilimia, alisema basi lingefaa kuvuta jembe kuliko kukaa uani linakunywa mafuta.

Linakunywa kweli. Injini ya lita tatu haina haya. Lakini mafuta siyo somo kubwa la kumiliki gari la kifahari lililotumika. Somo kubwa ni mpangilio wa vitu vinavyokufa. Anasa hutangulia. Skrini ya ramani ilikufa siku ya kwanza kwa maana kwamba ilikuwa inajua Japani tu. Ikiwa Lushoto ilionyesha mshale unaotembea juu ya weupe mtupu. Redio za Japani za wakati huo ziliishia masafa ya FM 90, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu hazikushikika, na baba akawa anasikiliza mahubiri ya kituo kimoja kwa sababu ndicho pekee kilichojitokeza. Mota ya kiti cha abiria ikagoma kiti kikiwa kimelala. Kwa mwaka mzima mama, mara chache alizokubali kupanda, alisafiri kama mgonjwa.

Fowili haikufa. Ila ina masharti, na masharti hayo hayakuandikwa popote kwa lugha tunayoisoma. Mwaka 2015 tairi moja lilichanika, baba akanunua moja la mtumba Mombo, saizi ileile, akafunga, akaendelea na safari. Baada ya wiki mbili gari likaanza kuguna kwenye kona. Fundi wa Tanga akalala chini yake kwa nusu saa, akatoka akijifuta mikono.

"Mwalimu, shikamoo tena. Hili tairi umelitoa wapi?"

"Marahaba. Si saizi ileile?"

"Saizi ya kuandikwa ndiyo. Lakini haya matatu yamelika, hili moja bado nene. Linazunguka tofauti na wenzake. Gia boksi inahangaika kuwapatanisha njia nzima."

Gari lile hugawa nguvu, katika hali ya kawaida, asilimia 45 mbele na 55 nyuma, na ndani ya gia boksi kuna klachi zinazosawazisha tofauti ya mizunguko. Milimita chache za mpira ukizizidisha kwa kilomita mia tano zinakuwa joto, na joto linakuwa bili. Tairi nunua nne, au usinunue hata moja. Baba alilielewa hilo upesi kuliko fundi alivyotarajia, akatoa kalamu akapiga hesabu ya mzingo wa duara papo hapo juu ya boneti. Fedha za tairi nne ndizo hazikuwa na fomula.

Katika nchi hii kumekuwa na maneno mengi juu ya mtu na gari lake. Baba alikuwa na miaka kumi na minne Azimio la Arusha lilipotangazwa, Februari 1967, na viongozi wakakatazwa kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Neno Wabenzi lilikuwa linajulikana: kabila lisilo na mkoa, linalotambulika kwa gari. Alipoanza kufundisha, mwaka 1977, mwalimu hakuwaza gari. Fedha za kigeni hazikuwepo, na kuagiza kitu nje kulitaka kibali. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa bila kuulizwa sana walizipataje, na pikapu na magari ya mtumba yakaanza kuonekana. Hata hivyo kutoka mwaka huo hadi mwalimu wa sekondari wa Lushoto kushika usukani wa silinda sita palipita miaka 29.

Kilichomfikishia gari si huruma ya mtu. Japani, gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi ni ghali. Kodi ya mwaka hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Na petroli iliyopita miaka 13 huongezewa kodi. Gari kubwa la kifahari likifika miaka tisa linakuwa mzigo kwa mwenyewe likiwa bado zima. Linakwenda mnadani, linapewa karatasi yenye alama: A ni mkwaruzo, U ni bonde, S ni kutu. Kisha meli. Usukani wao uko kulia kama wetu. Hapa forodha inaongeza asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa injini, na ushuru wa uchakavu, kwa sababu sheria zetu nazo zinaona gari la zamani ni kosa. Katikati ya sheria za kule zinazolifukuza na sheria za huku zinazoliadhibu, bei inashuka mpaka mstaafu analifikia.

Karatasi ya mnada wa gari letu baba hakupewa. Alionyeshwa gari, akaonyeshwa dashibodi. Nani aliyerudisha kilomita nyuma, na katika bandari au yadi ipi, mimi sina ushahidi nao.

Nilikuwa na kishawishi kikubwa zaidi. Iwate ni mkoa uliopigwa na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Usiku mmoja nilijikuta nimeshamtungia mwenye gari la Morioka maisha kamili: nyumba iliyosombwa, gari lililookoka, huzuni ya kuliuza. Asubuhi nikatazama ramani. Morioka iko mbali na bahari. Stika inasema mtu alibadilisha oili, Novemba, kabla ya theluji. Nikaacha hapo. Chini ya gari kuna kutu ya zamani, ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, na hiyo ndiyo habari yote ya theluji ninayoweza kuiapia.

Matope nayajua kwa macho yangu. Masika ya 2018, saa nane usiku, jirani alikuja kugonga. Binti yake alikuwa na uchungu wa uzazi juu huko, barabara ya Mlola, na Noah iliyokwenda kumchukua ilikuwa imezama hadi ekseli. Baba alikuwa usingizini. Mama ndiye aliyemwamsha. Nilimsikia kupitia ukuta usio na plasta: "Mwalimu, amka utoe gari."

Niliwashikia tochi. Udongo wa kwetu ukilowa ni sabuni. Tulipopita ile Noah, gari la baba liliteleza upande mara moja, likajishika, likapanda taratibu kana kwamba kuna watu wanalisukuma kwa nyuma. Baba alikuwa anaongea nalo kwa Kisambaa. Tuliporudi, binti alilala kwenye kile kiti kilichogoma, ambacho usiku huo kugoma kwake kulikuwa neema, na mama alikaa nyuma akimshika kichwa. Mtoto alizaliwa hospitalini, alfajiri. Mama alilizunguka gari uani akalitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kulinunua. Akauliza:

"Hivi viti vinaoshwa?"

Siku ya nne ya kimya changu nilimkuta baba kibarazani na daftari lake la gari. Ni daftari la shule, jalada la bluu, na humo ameandika kila lita tangu 2013. Nikamwonyesha picha ya stika kwenye simu, bila utangulizi, kwa sababu utangulizi wote niliokuwa nimeuandaa ulikauka.

Alivua miwani, akaisogeza simu karibu na macho.

"Heisei ni nini?"

Nikamweleza.

"Laki moja na elfu thelathini na nane, mia sita na arobaini." Aliisoma taratibu, kama anavyosoma namba kwa wanafunzi. Kisha akacheka, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akanigeuzia.

Nilikuwa nimeliona daftari lile mara nyingi, sikuwahi kulisoma. Safu ya kwanza ilikuwa tarehe, ya pili lita, ya tatu kilomita za dashibodi kwa kalamu ya wino. Pembezoni, kwa penseli hafifu, palikuwa na safu ya nne. Kila namba humo ilizidi mwenzake wa wino kwa elfu sitini.

"Pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka kwenye chuma," alisema. "Gari la elfu themanini na sita haliwezi kuwa na pedali ile. Nilijua mwezi wa pili. Nikakadiria."

"Na bado ulikuwa unawaambia wageni elfu themanini na sita."

"Mama yako alikuwa anasikia, mwanangu."

Akaomba simu tena. Akatoa 86,000 kutoka 138,640 kwa kichwa, akapata 52,640, akaongeza kidogo kwa miezi ya kabla ya meli. Alikuwa amekosea kwa elfu chache tu, na nilimwona akifurahi kwa namna ambayo sijamwona akifurahia hata yale matokeo ya mitihani yangu. Akachukua kifutio. Akaanza kufuta safu ya penseli, kutoka juu, mwaka 2013, Juni, akiandika upya mstari kwa mstari, nami nikimsomea namba za wino.

Tulifika Machi 2014 mama alipoita kutoka jikoni kuuliza tunahesabu nini muda wote huo.

"Mafuta," baba akasema.